Mashindano ya vijana mu Kamina: kazi iko mbele ya filimbi

Vakansi kubwa ikianza mu Kamina, wiki mbili hazipite bila kusikia filimbi. Ku Sobongo, ku Dimayi, ku viwanja vya masomo, ku nafasi yoyote yenye haina nyumba wala shamba la muhogo, vijana wanasimamisha nguzo za miti na kesho yake kuko mashindano. Avenyu hii na avenyu ile. Parokia hii na parokia ile. Mavumbi ya mwezi wa saba yanapanda mpaka ku macho, mama mwenye kuuza karanga anahamisha beseni yake, na watoto wadogo wanajipanga kando ya mustari wakingoja mpira utoke ili nao waupige hata mara moja.

Wiki ya kwanza ni furaha. Wiki ya pili watu wanaanza kuhesabu miaka ya wachezaji. Wiki ya tatu, mara nyingi, hakuna tena kitu: mpira umepasuka, mwamuzi amekataa kurudi, na kapiteni wa timu moja ameficha kombe nyumbani kwao juu anasema wao njo walishinda.

Siye wa ukurasa huu tumeangalia mambo haya kwa miaka mingi. Wengine wetu tulikuwa wachezaji, wengine tulishika daftari, mmoja wetu alipigwa jiwe ku goti siku ya nusu-fainali na mpaka leo anaonyesha alama. Wasomaji wetu ni watu wa migodi na jamaa zao, na tunajua wengi wenu, ba papa, muko Kolwezi ama Malemba-Nkulu ama Manono wakati mama na batoto wamebakia hapa. Munatuma franka za jezi. Munapiga simu kuuliza kama mutoto alifunga. Kisha munarudi mu mwezi wa nane na munakuta mashindano yalikufa, na hakuna mwenye kueleza franka zilienda wapi. Njo maana tunaandika.

Kamina ni muji wa reli, kila mutu anajua. Njia yenye kutoka Lubumbashi inagawanyika hapa: mukono mumoja unaenda mpaka Ilebo, ulimalizika mwaka 1928, mukono mwingine unaenda Kabalo na ziwa, huo ulifunguliwa mwaka 1956. Kwa hiyo vijana wetu ni wa pande zote, na kila avenyu iko na mutoto mwenye babu yake alishuka ku treni na hakupanda tena. Mpira nao ulikuja pamoja na reli na mugodi. Ku Lubumbashi, timu ya Saint-Éloi Lupopo, yenye kuzaliwa mwaka 1939, mpaka leo inaitwa Cheminots, ni kusema watu wa reli. Na TP Mazembe, yenye kuzaliwa mwaka uleule, ilichukua kombe la Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Kijana wa Kamina anakua akisikia majina haya mawili kabla hajajua kusoma. Usimwambie kwamba mashindano ya avenyu ni mchezo tu. Kwake ni mulango.

Na kwa kuwa ni mulango, watu wanausukuma kwa nguvu. Hapo njo tunafika ku jambo la miaka.

Tulikuwa kando ya kiwanja kimoja, timu za chini ya miaka 15. Mulinda-goli wa upande wa kushoto alikuwa na ndevu. Si ndevu za kutafuta na macho, hapana: ndevu zenye kunyolewa asubuhi, na mangaribi zilikuwa zimeanza kurudi. Komite ikasimamisha mechi. Mama yake akaingia mu kiwanja na kitenge chake, akasimama katikati, akasema: "Miye njo nilimuzala! Munajua miaka yake kunipita miye?" Nani atamjibu? Hakuna karatasi. Mechi ikaendelea, mulinda-goli akabakia, na timu ingine yenye watoto wa kweli wa miaka 13 ikapoteza mabao 6 kwa sufuri. Mutoto mumoja wa ile timu alivunjika mukono alipogongana naye. Aliacha mpira.

Watu wengi wanafikiri udanganyifu wa miaka ni uchawi wa hapa kwetu tu. Sivyo. Shirikisho la dunia, FIFA, lilipata shida hiyohiyo ku kombe la dunia la chini ya miaka 17, na kuanzia mwaka 2009, mu Nigeria, wakaanza kupiga wachezaji picha ya mashini ku kifundo cha mukono. Mifupa ya mutoto mwenye kukua bado iko na nafasi ndogo ku mwisho wake. Nafasi hiyo inafungika akimaliza kukua. Picha ikionyesha imefungika yote, kijana haonekane tena kuwa chini ya 17. Mashini ile hatuna hapa, na hata ingekuwako, bei yake ingemaliza franka za mashindano kumi. Tunataja tu ili mujue kwamba hata wakubwa walichoka kubishana na ba mama.

Dawa yetu ni karatasi, na karatasi inatakiwa mapema. Sheria ya nchi, Code ya famille vile ilibadilishwa mwaka 2016, inasema mutoto aandikishwe mu siku 90 kisha kuzaliwa. Zikipita, njia inakuwa ndefu: lazima kupita ku tribinali kutafuta hukumu yenye kuchukua nafasi ya kile cheti. Wazazi wengi wanakumbuka jambo hili siku ya mutihani wa mwisho wa shule ya musingi, ama siku mutoto anaitwa kupima ku timu kubwa. Komite yenye akili haingoje siku hiyo. Inaenda ku masomo mu mwezi wa tano, mbele walimu hawajaenda vakansi, inaomba mukurugenzi aonyeshe daftari la mwaka wa kwanza. Kile chenye kuandikwa mutoto akiwa na miaka sita ni vigumu kukigeuza leo. Wakati ule hakuna aliyejua kama atajua kupiga mpira. Karatasi ya ubatizo nayo inasaidia, kama tarehe haikukwanguliwa.

Na mupange tarehe, si miaka. Ukisema "chini ya miaka 15", kila mutu anahesabu vile anataka. Useme: aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari ya mwaka fulani anacheza, aliyezaliwa tarehe 31 Desemba iliyotangulia hachezi, basi. FIFA wanafanya vile: ku kombe la dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2025, waliingia paka wenye kuzaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2008.

Sasa turudi kidogo ku migodi, juu jambo hili linatuuma, na tunajua litauma wasomaji fulani. Kuko vijana wenye miaka miwili. Ku karieri yeye iko na miaka 18, alijiongeza ili wamuachie kushuka mu shimo ama kubeba mifuko. Ku kiwanja iko na 14, alijipunguza ili wamuachie kucheza. Mutu mumoja, midomo ileile, na kaka mukubwa anamshuhudia pande zote mbili. Sheria ya ulinzi wa mutoto ya mwaka 2009 inasema mwenye kuwa chini ya miaka 18 ni mutoto, na haina ruhusa kumtia mu kazi ya mugodi. Tuliuliza kijana mumoja wa namna hiyo, kandokando, bila daftari: wewe kabisa uko na miaka ngapi? Akacheka. Akaangalia chini. "Papa, miye mwenyewe nilishasahau." Hatuandike jina lake wala avenyu yake. Lakini tunauliza ba papa: siku ile mutoto huyu atatafuta kazi ya kweli, mu kampani yenye kuangalia karatasi, ataonyesha miaka gani?

Basi, komite yenye kuandikisha watoto kwa mashindano inafanya kazi kubwa kuliko mpira, hata kama haikutaka. Tuliona wazazi waliomba cheti juu ya mechi, na mwaka wenye kufuata cheti kilekile kikasaidia ku masomo.

Tuingie mu hesabu, na hapa tutaenda mbio.

Timu nane ni namba nzuri kwa vakansi. Ukifanya ya kutoana moja kwa moja, mechi saba zinatosha, lakini timu ine zinarudi nyumbani kisha mechi moja. Kijana alifanya mazoezi miezi miwili, anacheza dakika 50, kwisha. Njo hao wanarudi na mawe. Ukifanya kila timu ikutane na zote, ni mechi 28, na vakansi itaisha mbele yenu. Katikati kuko njia: makundi mawili ya timu ine. Kila kundi mechi sita, ni 12, nusu-fainali mbili, mechi ya nafasi ya tatu, fainali, jumla 16. Kila mutoto anapata mechi tatu hata akipoteza zote. Mechi mbili kila Jumamosi na mbili kila Jumapili, ni wiki ine. Mukianza katikati ya mwezi wa saba, munamaliza katikati ya mwezi wa nane, na ba mama wanabakia na nafasi ya kununua madaftari mbele masomo hayajafunguka.

Mechi za mwisho za kundi zichezwe wakati mumoja, ku viwanja viwili. Musicheke. Mwaka 1982, mu Hispania, Algeria walimaliza mechi zao siku moja mbele ya Ujerumani ya Magharibi na Austria. Wale wawili wakaingia mu kiwanja wakijua: Ujerumani ikishinda bao moja, wote wanapita na Algeria inatoka. Ujerumani wakafunga mapema, kisha wakapigapiga mpira nyumanyuma mpaka mwisho. Kuanzia kombe la 1986, mechi za mwisho za kundi zinaanza pamoja. Mu Kamina nako kuko ndugu wenye kucheza mu avenyu mbili, na tuliona mechi moja yenye watu hawakukimbia hata kidogo.

Dakika: kwa wa chini ya miaka 13, vipindi viwili vya dakika 25 vinatosha, kwa wa 15, dakika 35. Mpira wa wadogo ni namba 4, gramu 350 mpaka 390. Ule wa wakubwa, namba 5, unafika gramu 450, na mutoto wa miaka 11 akiupiga na kichwa siku nzima atalala na maumivu. Watu wanaona ni jambo dogo. Wananunua mpira mumoja mukubwa kwa wote, juu ni bei. Muchange, munune miwili.

Viatu: sheria ya mpira inasema muchezaji avae viatu. Mu kartie zetu wengi wanacheza miguu wazi. Lenye haifai kabisa ni upande mumoja kuvaa viatu vya misumari na upande mwingine miguu wazi. Wote wavae, ama wote wavue. Mistari ichorwe na majivu, si na chokaa kali yenye kuunguza ngozi. Na nguzo za goli! Kama ni za chuma zenye kusimamishwa juu ya udongo bila kufungwa, mutoto akining'inia zinamwangukia. Muzichimbie ama muzifunge na mifuko ya muchanga nyuma. Watu wa mugodi, munajua kutengeneza nguzo zenye haziangukie mutu; ni kazi yenu ya kila siku. Mutusaidie hapo kuliko kutuma jezi.

Mwamuzi njo shida ya pili, kisha miaka. Mara nyingi ni mwalimu, ama muchezaji wa zamani mwenye goti lilikataa. Anakuja bila malipo, anatukanwa na watu wote, anarudi nyumbani na bibi yake anamuuliza kama amerogwa. Tulipenda jinsi komite moja ilifanya: kila timu ilitoa mutu mumoja wa kujifunza sheria siku mbili, na timu yenye haina mechi njo ilitoa waamuzi wa mechi ile. Avenyu yenye ilimtukana mwamuzi Jumamosi ilijua kwamba Jumapili kijana wao njo atashika filimbi. Matusi hayakwisha, tusidanganye. Yalipungua.

Hapa mutuachie tutembee kidogo mbali. Kuko mchezo mumoja wa nchi za baridi, unaitwa curling. Ulizaliwa Scotland, na leo Kanada wanaupenda sana. Hapa Kamina hatutaucheza kesho: unataka uwanja wa barafu, na barafu yetu ni ile ya frigo ya mama mwenye kuuza maji. Lakini wachimbaji wataupenda juu ni mchezo wa mawe. Kila jiwe ni la granite, uzito wake kati ya kilo 17 na 20, na mawe ya michezo ya Olimpiki yanatoka ku kisiwa kimoja kidogo sana cha Scotland, Ailsa Craig, juu jiwe la pale ni gumu, halinywe maji, halipasuke upesi. Muchezaji analisukuma juu ya barafu, wenzake wawili wanakimbia mbele yake na fagio, wanafagia ili liende mbali na lisipinde sana. Mwisho wa zamu wanaangalia jiwe gani liko karibu na katikati. Vijana wako na mashindano yao ya dunia, chini ya miaka 21; ya wanaume yalianza mwaka 1975. Na ku michezo ya Olimpiki ya vijana, kuanzia 2012, timu ilikuwa ya wavulana wawili na wasichana wawili pamoja.

Kile kilitushangaza ni hiki: kule mwamuzi hapige filimbi kila dakika. Muchezaji akigusa jiwe na fagio lake kwa bahati mbaya, ni yeye mwenyewe anasema: nimeligusa. Hata kama hakuna aliyeona. Na pointi wanapatana wenyewe, timu zote mbili, mbele ya kutoa mawe. Wakikosa kupatana njo wanaita mwenye kupima. Tulisoma jambo hili kwa sauti mu kikao kimoja cha komite, na mzee mumoja akasema, "Hao hawana wapinzani wa kweli." Watu wakacheka sana. Lakini kijana mumoja, kapiteni wa timu ya wa chini ya 15, akauliza: na siye tukijaribu ku mpira wa kutoka tu? Ni kusema, mpira ukitoka kando, aliyeugusa mwisho aseme mwenyewe. Wakajaribu. Siku ya kwanza walibishana kuliko zamani. Siku ya tatu, mutoto mumoja aliinua mukono, akasema ni yangu, akamupa mwenzake mpira, na watazamaji wa avenyu yake wakamzomea. Alilia kidogo. Komite ikamwandikia pointi moja ya nidhamu mu daftari, na mwisho wa mashindano pointi zile zilitoa timu mbili zenye kulingana. Hatuseme kwamba mambo yamebadilika. Tunaeleza tu kile tuliona.

Franka sasa.

Mashindano ya vijana hayataki franka mingi kama watu wanavyosema. Mipira mine, jezi za rangi mbili zenye kubakia mali ya komite na kufuliwa kila wiki, filimbi, maji, sanduku la dawa na mutu mwenye kujua kufunga bandeji. Chenye kuharibu ni zawadi. Mu miji yenye madini, siku zote kuko mutu mwenye kuja na gari, munegosian ama mwingine mwenye kutafuta jina, anasimama mbele ya watoto na anaahidi. Mwaka mumoja, siye wenyewe tukiwa mu komite, mutu mukubwa aliahidi mbuzi wawili na jezi kamili kwa washindi. Tukatangaza. Siku ya fainali tulingoja mpaka jua likashuka. Mbuzi hawakufika. Watoto walituangalia siye, si yeye. Tulichanga, tukanunua soda na mikate, na kwa muda murefu hatukupita ku ile avenyu.

Kuko jambo la zamani lenye kufanana na hili, na dunia yote ilicheka bila kujua. Mwaka 1974, timu yetu ya Zaïre ilienda ku kombe la dunia mu Ujerumani, ya kwanza ya Afrika chini ya Sahara. Ilipoteza 2 kwa 0 mbele ya Scotland, kisha 9 kwa 0 mbele ya Yugoslavia. Mechi ya mwisho, na Brazil, ilikuwa 3 kwa 0. Ni mu mechi ile Brazil walipata mpira wa adhabu, na mulinzi wetu Ilunga Mwepu, muchezaji wa Mazembe, akatoka mu ukuta mbio, akaupiga mpira mbali mbele Wabrazil hawajaugusa. Miaka mingi wazungu walionyesha ile picha wakisema: Waafrika hawajui sheria. Mwepu mwenyewe kisha alieleza: sheria aliijua vizuri. Alikuwa na hasira. Franka zenye waliahidiwa wachezaji hazikuwafikia. Alitafuta kadi nyekundu, wakamupa ya njano.

Kwa hiyo: musitangaze kitu chenye hakijawekwa juu ya meza. Mwenye kutaka kusaidia alete mbele ya mechi ya kwanza, watu watatu wahesabu na watie saini, na daftari lisomwe kwa sauti kila Jumapili kisha mechi, mbele ya wazazi. Kusoma daftari kunachukua dakika tano. Watu wanasinzia, wengine wanaondoka. Si kitu; linasomwa. Na kama kuko franka za kubakia, tunaona bora zilipe masomo ya wachezaji wawili watatu wa secondaire kuliko kununua kombe kubwa la rangi ya dhahabu. Shule ya musingi ya serikali ni bure kuanzia 2019, lakini kisha pale minerval inaanza, na ni pale vijana wetu wanapotea ku karieri. Tunajua kuko watakaokasirika: kombe linapigwa picha, minerval haipigwi picha.

Kuhusu wasichana tutasema kidogo, na ni aibu yetu kwamba ni kidogo. Mashindano mengi ya hapa hayana timu hata moja ya wasichana. Wanawake wa TP Mazembe walishinda kombe la Afrika la klabu mwaka 2024, mu Morocco, na mabinti wa Kamina waliona ku simu za kaka zao. Sababu wazazi wanatoa ni mbili: kazi za nyumbani, na njia ya kurudi usiku. Ya pili iko na dawa rahisi: mechi yao iwe ya kwanza, asubuhi mbele ya jua kali, si ya mwisho. Ya kwanza ni ya kuongea nyumbani, ba papa na ba mama, sisi hatutaingia mu jiko lenu.

Tumalize na yule mulinda-goli mwenye ndevu. Mwaka wenye kufuata, komite ilienda ku masomo, ikafungua daftari la mwaka wa kwanza. Alikuwa na miaka 17. Mama yake hakusema kitu, aliangalia karatasi mara mbili, akaenda zake. Komite haikumfukuza, ilimpa bendera ya kando. Wa kwanza kumcheka walikuwa wachezaji wenzake wa zamani. Tulimuona Jumapili ya nusu-fainali, ku kiwanja cha Dimayi, mavumbi mpaka ku magoti: avenyu yao walifunga bao dakika ya mwisho, watu wote wakaingia kucheza na kuimba, na yeye alikuwa amesimama palepale ku mustari, bendera juu. Bao likakataliwa. Mama yake alikuwa upande ule, na kitenge chake. Alisimama, akaangalia mutoto wake muda murefu, kisha akakaa tena.

Fainali ni Jumapili yenye kuja, kisha misa. Wenye kutaka kusaidia kuchimbia nguzo wafike Jumamosi asubuhi na jembe.